Mtoto anauliza kila kitu mbele za watu. Nimfundisheje adabu bila kumziba mdomo?

MamaImu_Kimanga:

Habari zenu wazazi wenzangu. Naombeni ushauri, na mniwie radhi, maelezo yatakuwa marefu kidogo.

Nina mtoto wa kiume, Imu, anakaribia miaka mitatu. Tunaishi Tabata Kimanga, nyumba ya kupanga, familia nne, bomba moja uani. Kwa hiyo tangu asubuhi mtoto ana watu wa kuuliza. Alianza na "nini hii?", akaja na "nani huyu?", sasa tuko kwenye "kwa nini?" na hapo ndipo tulipopiga kambi. Kwa nini luku inalia. Kwa nini mama Devota anakigeuza kitumbua. Kwa nini kunguru hawaitikii shikamoo (huwa anawaamkia wote waliotua ukutani, mmoja mmoja). Juzi kaniuliza kwa nini moto wa gesi ni wa bluu na wa mkaa ni mwekundu. Niliacha kukata mchicha nikamtazama, maana nimepika miaka yote hiyo sijawahi kujiuliza. Namjibu ninavyoweza. Nayapenda maswali yake, naomba hilo lieleweke kwanza.

Sasa, tulipanda daladala kwenda Kariakoo, mimi, Imu na mama mkwe ambaye amekuja kututembelea kutoka Muheza. Siti ya mbele yetu alikaa baba mmoja, suruali imekunjwa upande mmoja, magongo kayaegemeza dirishani. Imu akasema kwa sauti yake ile ya kuita watu uani: "Mama, mguu wa huyu baba uko wapi?" Nikamwambia polepole tutaongea tukishuka. Kuona sijamjibu, akamgeukia mwenyewe: "Baba, umeuacha nyumbani?"

Gari zima kimya. Hata konda alinyamaza. Mama mkwe akamfinya paja, na alimfinya kweli, mtoto akalia mpaka Buguruni. Yule baba alishuka hapo Buguruni. Kabla ya kushuka alimgusa Imu kichwani, hakusema neno. Mpaka leo sijui kama aliumia au alisamehe.

Mama mkwe anasema mtoto wa Kiswahili haulizi wakubwa. Anaamkia, anakaa kimya, anasubiri aulizwe yeye. Anasema nikimwachia hivi atakuja kunivua nguo hadharani. Ninamheshimu sana. Amelea watoto saba, na mmoja wao ndiye mume wangu, mtu mwenye adabu zake na mpole. Siwezi kusema hajui kulea.

Lakini tangu siku ile Imu akitaka kuuliza anautazama kwanza mkono wa bibi yake. Nikiona vile moyo wangu unakatika.

Baba Imu anasema nivumilie, mama atarudi Muheza baada ya Idi. Mimi siombi aondoke, naomba tuelewane. Kwa hiyo nina mambo mawili. Mtoto wa umri huu anafundishwaje kwamba kuna swali la kuuliza kwa sauti na kuna la kusubiri? Na mama mkwe naongea naye vipi bila kuonekana namfundisha kulea?


MwalimuWaAwali_Ukonga:

Mama Imu pole, na hongera kwa mtoto. Nafundisha darasa la awali, nakujibu kwa ninayoyaona kila siku.

Kwanza, Imu hakumdharau yule baba. Kwa kawaida mtoto huanza kuelewa vizuri kwamba mwenzake ana mawazo tofauti na yake akifika kama miaka minne. Kabla ya hapo, anachokiona yeye anadhani kila mtu anakiona vilevile. Kwake "umeuacha nyumbani?" ni swali zuri kabisa, maana viatu huachwa nyumbani na mwavuli huachwa nyumbani. Alikuwa anatafuta sababu, na kwa umri wake kafikiri vizuri.

Ukimfinya kwa swali kama hilo hajifunzi lipi baya. Anachokijua ni kwamba aliuliza, akaumia. Ninawapokea watoto wa namna hiyo wakiwa na miaka mitano. Ukimuuliza jina lake anatazama sakafu. Anajua kuhesabu, anajua rangi, lakini mdomo haufunguki, na inaweza kupita muhula mzima kabla hajanyosha mkono. Hao ndio wanaoniumiza kuliko wale watundu.

Jibu liwe fupi. Sentensi moja, halafu subiri. Akirudia swali lilelile, mara nyingi jibu analo, anataka muendelee kuongea, mrudishie, "wewe unaonaje?" Na ule moto: gesi inachanganyika na hewa ya kutosha kabla ya kuungua, ndiyo maana ni bluu. Mkaa ni kitu kigumu, wekundu unaouona ni mkaa wenyewe uliopata joto. Kwa Imu inatosha kusema "gesi ni hewa inayoungua, mkaa ni jiwe jeusi lililopata moto." Wewe mwenyewe ukiona moto wa jiko umekuwa wa njano na sufuria zinashika masizi, safisha jiko, hewa haipiti vizuri.


Fundi_Magongo:

Dada yangu, mimi siye yule baba wa kwenye gari, lakini ningeweza kuwa mimi. Mguu wangu ulikatwa chini ya goti baada ya ajali ya pikipiki. Natengeneza redio na simu huku Buguruni, kibanda changu kiko njiani, watoto wanapita kutwa.

Nikwambie kinachouma. Mtoto akiuliza hainiumi. Kinachouma ni mama akimvuta mtoto mkono kwa nguvu kama vile ameona kitu kichafu. Pale mtoto anajifunza kwamba mguu wangu ni jambo la aibu, halitajwi. Akikua atakuwa yule mtu mzima anayepanda daladala, akaniona, akageuza uso dirishani mpaka nishuke. Hao ni wengi, na wote waliwahi kuwa watoto waliofinywa.

Mimi watoto nawajibu hivi: "Mguu uliumia sana, daktari akautoa ili mimi nipone." Basi. Wengi wanauliza, "Uliuma?" Nasema ndiyo, sasa hauumi. Baada ya hapo mguu hauna habari tena, wanataka kushika magongo. Ile raba ya chini ndiyo wanayoipenda, wanaibonyeza. Kuna mtoto wa jirani aliniuliza viatu nanunua kimoja au viwili. Nilimwonyesha kile cha pili ninachokitunza ndani, bado kipya. Tuliongea naye vizuri kuliko ninavyoongea na wateja wengi.

Si wote tuko hivi. Kuna mwenzangu hapendi kabisa kuulizwa, na ana haki yake. Kwa hiyo siku nyingine ikitokea, usimnyamazishe mtoto na usijifanye hujasikia. Mtazame yule mtu, msalimie, sema, "Samahani kaka, mwanangu anauliza." Usoni utaona kama anataka kujibu. Akitaka atajibu mwenyewe. Asipotaka, mjibu mtoto wewe, kwa sauti ya kawaida: "Mguu wake uliumia, anatembelea magongo, tumwache apumzike." Nasisitiza sauti ya kawaida. Ukinong'ona, mimi najua unaninong'ona mimi.

Na yule baba kumgusa mtoto kichwani, dada, huyo alishasamehe kabla hajashuka. Ningekuwa nimeumia nisingemgusa.


NesiWaTemeke:

Niko zamu, naandika haraka. Swali la mdomo halijawahi kuniletea mtoto wodini, mikono ndiyo inayowaleta. Mtoto mdadisi hivyo, na uani kwa watu wengi, pitia nyumba nzima leo. Mafuta ya taa na jiki visikae kwenye chupa ya soda au ya maji. Akiyanywa, usimtapishe na usimpe maziwa ukasubiri, mlete hospitali. Mafuta ya taa yakipaliwa yanaingia kwenye mapafu. Zile betri bapa kama sarafu za rimoti na midoli zikimezwa zinaunguza koo ndani ya saa mbili, usingoje atoke nazo chooni. Ndoo za maji zifunikwe, hata maji yakiwa kidogo. Na karanga nzima bado mno kwa umri wake.


BiMdogo_Magomeni:

Mwanangu mama Imu, mimi ni mtu mzima, wajukuu ninao, nakujibu lile la mkweo.

Usiende kwake na hoja za daladala. Ukimwambia "mama ulikosea kumfinya," hata akikubali moyoni mdomoni hatakubali, na mtakaa na kinyongo mpaka Idi. Mkweo kaona aibu mbele za watu, akaogopa mtaonekana hamkulea. Hiyo hofu ni mapenzi, hata kama mkono ulikwenda pabaya.

Wewe mpe kazi. Imu akiuliza jambo mwambie, "Hilo bibi ndiye anayelijua, nenda kamwulize." Mtu wa Muheza umpelekee maswali ya machungwa, ya nazi, ya mvua, uone kama hajajibu! Mtu akiulizwa anachokijua uso wake hubadilika.

Na hilo la kwamba mtoto wa Kiswahili haulizi, mimi silikubali, na mkweo akitulia hatalikubali pia. Sisi tulilelewa na vitendawili. Kitendawili! Tega! Nyumba yangu haina mlango. Watoto tunakisia wee, tukishindwa tunatoa mji, ndipo tunaambiwa: yai. Hayo si maswali? Bibi aliyetutegea alitaka tufikiri. Ila palikuwa na utaratibu, huropoki, unasubiri mwenzio aseme "tega". Mwombe mkweo amtegee Imu jioni baada ya kula. Atajifunza kusubiri zamu yake na kufinywa hakutakuwepo.

Kwa mchana mfundishe hodi. Tayari anajua hupiga hodi mlangoni kwa watu. Mwambie na swali la mtu asiyemjua linapigiwa hodi kwa mama kwanza: anakugusa mkono, anasema "hodi mama," wewe ukisema "karibu" anauliza. Fanyeni nyumbani kwanza, mbele ya mama Devota, mbele ya muuza maji, mpaka azoee.

Siku moja wapelekeni wote wawili baharini. Mimi ni mtoto wa mvuvi, nimezaliwa Kigamboni. Wajukuu wangu walipoona maji yamekupwa waliuliza yamekwenda wapi, nikawaambia yameitwa na mwezi, yatarudi. Ni kweli tupu, mwezi ndio unaoyavuta. Hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, usiku na mchana, na kila siku huchelewa karibu dakika 50. Mwende mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, ndiyo bamvua, maji hukupwa mbali mpaka mtoto anatembea kwenye mchanga na kuokota kome. Huko hata mkweo atauliza.


MamaImu_Kimanga:

Jamani nimesoma yote, nimewasomea na wa nyumbani. Fundi, ujumbe wako nilimsomea baba Imu usiku. Alikaa kimya, kisha akasema nimsomee na mama yake. Nikamwambia hapana, amsomee mwenyewe, ni mama yake. Asubuhi kabla ya kwenda kazini alimsomea, nikiwa natwanga vitunguu saumu jikoni. Mama hakusema kitu. Mchana aliniuliza tu, "Huyo fundi yuko Buguruni sehemu gani?" Sikujua kumwelekeza, ila nimelipenda swali lake.

Hodi imekubali nusu. Nyumbani anapiga vizuri. Dukani alinigusa, akasema "hodi mama karibu" kwa mkupuo mmoja na kumuuliza mwenye duka kwa nini ana tumbo. Tunaendelea.

Bi Mdogo, Mungu akuzidishie. Vitendawili vimeshika moto. Mama anatega, watoto wa wapangaji wote wanakuja mkekani, na Imu anajibu "yai" kwa kila kitendawili. Jana mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa khanga. Na Imu amemuuliza kwa nini machungwa ya Muheza ni ya kijani na bado matamu. Akaelezwa kirefu, na mimi nikasikiliza: huko joto haliishi hata usiku, na ganda hugeuka rangi vizuri pale baridi inapoingia. Sikuwa nalijua.

Nesi, mafuta ya taa yalikuwepo kwa jirani, ndani ya chupa ya maji, chini ya kitanda. Tumeyahamishia kwenye dumu na tumeliweka juu.

Sasa limekuja jingine. Nina mimba, tumbo limeanza kuonekana. Imu aliuliza mtoto katoka wapi, bibi yake akamwambia tumemnunua hospitali, kama tulivyoambiwa sisi sote. Imu akafikiri, akasema, "Kama amenunuliwa, kwa nini yuko tumboni?" Mama akanitazama mimi. Nami nimesema nitamjibu kesho.


NesiWaTemeke:

Mwambie ndani ya tumbo la mama kuna mfuko wa kukuzia mtoto, mdogo wake yumo humo, anakua, akiwa tayari manesi watamsaidia kutoka. Kwa umri wake linatosha. Akiuliza ameingiaje, sema Mungu amewapa, wewe na baba yake, kisha nyamaza uone kama ana swali jingine. Mara nyingi atauliza kama huyo mtoto anaona giza humo. Mwambie ndiyo, giza lipo, ila baadaye ataanza kuisikia sauti yake Imu akiongea naye. Hiyo ni kweli, watoto husikia wakiwa tumboni.

Na kliniki umeshaanza? Hudhurio la kwanza linatakiwa kabla ya wiki 12. Kama bado, nenda wiki hii, na baba Imu aende nawe.