Mdogo wangu kapewa kidonda sugu wodini, halafu bili tumeletewa sisi

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Mdogo wangu alijifungua kwa upasuaji Jumatatu ya wiki iliyopita. Hospitali siitaji, bado yumo humo. Mtoto mzima, mama mzima, tukashukuru. Alhamisi homa ikapanda, Ijumaa mshono ukaanza kutoa usaha. Daktari wa zamu akafunua bandeji na neno lake la kwanza likawa: "Mlimwogesha na maji gani?" Hajakigusa kidonda, kosa tayari ni letu.

Niliruhusiwa kukaa naye kwa kuwa alikuwa hawezi kuinuka, kwa hiyo nilichoandika hapa nimekiona. Jumatano asubuhi nesi alipita na toroli ya vidonda. Kitanda cha kwanza akavaa glovu, akasafisha mshono, akaandika kwenye faili, akasogeza pazia, akavuta toroli. Cha pili, glovu zile zile. Cha tatu zile zile, na huyo wa tatu kidonda chake kilikuwa kinanuka mpaka mlangoni. Mdogo wangu ni wa nne. Nikasema, "Samahani sista, naomba ubadilishe glovu." Akanijibu, "Wewe ndiye nesi hapa? Basi njoo umhudumie mwenyewe." Nikanyamaza. Kunyamaza kule kunaniuma mpaka leo.

Glovu chafu inahamisha vimelea sawasawa na mkono mchafu, na hata ukiivua bado unatakiwa utakase mikono kabla ya kumgusa mgonjwa mwingine. Kujisugua na kitakasa mikono ni sekunde 20 hadi 30. Lakini nisimwonee nesi peke yake: sinki la wodi bomba lake ni kavu, na chupa ya kitakasa iliyotundikwa ukutani nimeibonyeza siku zote tisa, haina kitu. Wakati wa korona kila mlango ulikuwa na ndoo ya maji tiririka. Zimekwenda wapi? Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishatoa kanuni ya kutengeneza kitakasa hospitalini kwa spiriti, glisirini, hidrojeni peroksaidi na maji yaliyochemshwa. Famasia ya hospitali kubwa kama hii inashindwa nini?

Na ule wembe tunaoambiwa tuje nao! Alinyolewa nao kabla ya kuingia chumba cha upasuaji, wakati mwongozo wa shirika hilo hilo wa 2016 unakataza kunyoa sehemu ya kupasuliwa, kwa sababu wembe unaacha mikwaruzo midogo ambayo vimelea vinaingilia.

Sindano ya antibiotiki, seftriaksoni, amechomwa asubuhi na jioni toka Jumatatu ile, na kidonda kikazidi kufumuka. Usaha haukupelekwa maabara kuoteshwa, ijulikane ni kimelea gani na dawa gani inakiua, mpaka nilipogombana nao. Majibu yametoka jana: bakteria aitwaye Klebsiela, sugu kwa seftriaksoni, sugu kwa antibiotiki nyingine, jentamaisini. Dawa iliyobaki ni meropenemu, vichupa vitatu kwa siku kwa siku saba. Vichupa 21. "Stoo hakuna, kanunueni nje." Shemeji kauza pikipiki anayoendeshea bodaboda. Mtoto analelewa na bibi yake, anakunywa maziwa ya kopo.

Kila siku redioni wananchi tunafundishwa kwamba usugu wa dawa tunauleta sisi, tunanunua dawa bila cheti, hatumalizi dozi. Kweli tunakosea. Ila mdogo wangu hajameza hata kidonge kimoja cha duka la dawa mimba nzima. Ugonjwa huu kaukuta kitandani kwenu. Ripoti ya WHO ya 2022 inasema katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kati ya wagonjwa 100 wanaolazwa, 15 hupata maambukizi wakiwa hospitalini, na mengi yanazuilika kwa usafi wa mikono na hatua nyingine za gharama ndogo. Sasa kwa nini gharama ya uzembe anailipa mgonjwa?

Kesho asubuhi napeleka barua kwa mganga mfawidhi nikidai watulipie hizo dawa. Kama kuna aliyewahi kudai hivyo akasikilizwa, naomba aniambie alipitia ofisi gani, aliambatanisha nini. Nijibuni mapema. Kitanda cha tano kaletwa binti, uzazi wake wa kwanza, kapasuliwa jana usiku, na toroli linapita saa tatu.