Naomba ushauri: kufundisha Kiingereza kwenye kipindi cha michezo

Asalaam alaykum ndugu zangu, mie mwalimu wa skuli ya msingi huku Pemba, nna darasa la tatu watoto 58. Kiingereza chao ubaoni hakiendi, wanasoma kama wanaimba tu, na wakifika la tano hesabu na sayansi ni kwa Kiingereza, sasa watafanyaje hawa?

Nikakumbuka ile njia ya Mmarekani James Asher, mwalimu anatoa amri na mtoto anajibu kwa mwili kabla hata hajalazimishwa kusema. Basi nikawatoa uwanjani, nikapanga vifuu vya nazi mistari minne, nikaanza run, stop, jump, turn left. Wallahi walifurahi! Hata nage tunacheza hivyohivyo, anayerusha lazima ahesabu kwa Kiingereza.

Shida nimeigundua juzi. Kuna kitoto kimoja hodari kinakaa mbele, nikisema left kinageuka na wote wanageuka, siku hakikuja nusu ya darasa likaenda kulia na nusu likakaa chini kabisa. Kumbe hawasikilizi, wanaigana! Nimejaribu kuwafumba macho na mitandio, wakagongana, mmoja kapasuka mdomo na mama yake kaja juu (ana haki).

Na mwalimu mkuu ananambia nachezesha tu, sifundishi.

Waliowahi kufanya hivi, mnawapimaje mmojammoja na wengi hivi na dakika ndo kidogo? Niwagawe makundi au niwape watoto wenyewe watoe amri?