Re: Mzigo wa Yiwu kwenda Kariakoo, pesa inaliwa wapi?

Kutoka: mwanafunzi, Jinhua

Shikamooni wakubwa, na wenzangu hamjambo. Nasoma hapa Jinhua, China. Mama mdogo ana duka la vyombo Kariakoo na ameniomba nimnunulie mzigo Yiwu, mji wa masoko ya jumla, maana ni karibu na chuo. Jagi za plastiki nimeziona kwa bei isiyofika nusu ya ile anayochukulia kwa jumla Dar. Tofauti hiyo inaliwa na nini njiani? Anataka kutuma fedha wiki ijayo, naomba mwongozo kabla hajatuma.

Kutoka: dada wa Foshan

Marahaba mdogo wangu. Mwambie mama mdogo asitume kwanza. Umefanya vizuri kuuliza, wengi huuliza mzigo ukiwa tayari bandarini.

Bei uliyoiona Yiwu ni mwanzo wa hesabu. Jagi tupu ni hewa, na anayesafirisha anatoza hewa hiyo. Kwa meli, mzigo wa kuchangia kontena hulipiwa kwa CBM, yaani mita ya ujazo, au kwa tani, kinachozidi ndicho kinachohesabiwa. Chukua rula uende dukani. Katoni ya sentimita 60 kwa 50 kwa 40 ni CBM 0.12, kwa hiyo katoni 50 ni CBM 6. Kama kila katoni inabeba jagi 24, hizo ni jagi 1,200 tu. Gawa nauli ya CBM 6 kwa 1,200 uone kila jagi limebeba nauli kiasi gani. Kisha fanya hesabu hiyo hiyo kwa sahani au bakuli zinazoingiana, utashangaa. Vitasa na misumari ni kinyume chake, vinafika tani kabla ya kujaza CBM moja. Ndege usiifikirie kwa vyombo, huko CBM moja inahesabiwa kama kilo 167 hata kama mzigo ni mwepesi.

Sasa forodha, na hapa ndipo pesa nyingi inapokwenda. Kodi haihesabiwi kwa bei ya Yiwu peke yake. Wanachukua bei ya bidhaa, bima na nauli hadi Dar. Tuseme jumla imefika dola 10,000 na ushuru ni 25%, kiwango cha kawaida cha bidhaa iliyokamilika katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ushuru ni dola 2,500. VAT ya 18% haipigwi kwenye 10,000, inapigwa kwenye 12,500, nayo ni 2,250. Hapo umeshalipa 4,750, bado tozo nyingine za forodha, bandari, wakala na lori la kutoa mzigo. Tangu Julai 2022 kuna bidhaa zilizopandishwa hadi 35%, fanicha na vyombo vya kauri vikiwemo, na kila mwaka nchi huomba viwango tofauti kwa bidhaa fulani. Viwango hivyo hutoka kwenye gazeti la Jumuiya mwishoni mwa Juni. Kwa hiyo usitumie hesabu ya mtu aliyeagiza mwaka jana. Mpe wakala wa forodha Dar namba ya HS (namba ya forodha inayotambulisha aina ya bidhaa) ya kila bidhaa, akuandikie makadirio kabla hujalipa hata yuan moja. Aulize pia TBS, shirika la viwango la Tanzania, kama bidhaa hizo zinatakiwa kukaguliwa na kupewa cheti cha ubora huku huku kabla ya kupakiwa.

Muuzaji atakuambia akuandikie ankara ya bei ndogo. Kataa. Forodha wana bei zao za kulinganisha na wanaweza kuikataa ankara yako. Tena bima hulipa kulingana na thamani uliyoitangaza. Mzigo wa dola 10,000 ulioandikwa 3,000 ukiloa baharini, utadai 3,000.

Kuhusu kuchangia kontena, niwe wazi kwa sababu inaniuma. Kontena moja lina wenye mizigo kumi au ishirini, na karatasi za mmoja zikiwa na kasoro wote mnasubiri. Mwaka juzi tulikaa hivyo, mtu mmoja kaficha vipodozi kati ya viatu, na msafirishaji alikuwa hapokei simu. Gharama za kuhifadhi zinapanda kila siku na wewe huna kosa. Muulize msafirishaji anafungua na kukagua mizigo ya wengine au anapokea tu.

Malipo: kawaida ni 30% kuanza na 70% mzigo ukishakaguliwa, kabla ya kupakiwa. Hiyo 70% ndiyo nguvu yako yote, usiiachie kwa picha za WeChat. Chukua sampuli mbili, mtie sahihi zote, moja ibaki kwako. Lipa kwa akaunti ya kampuni iliyoandikwa kwenye ankara. Na agiza mapema kabla ya mwaka mpya wa Kichina, viwanda vinafunga kwa wiki kadhaa.

Jambo la mwisho ni lako mwenyewe. Viza ya masomo si ya kazi. Kumsaidia mama mdogo kuchagua sahani ni jambo moja, kuwa dalali wa kulipwa kamisheni bila kibali ni jambo jingine, na unaweza kurudishwa nyumbani na masomo yako yakaishia hapo. Ukilala kwa rafiki Yiwu badala ya hotelini, jiandikishe polisi ndani ya saa 24.

Kutoka: Rajkot, India

Dada, ahsante. Naomba niongeze upande wa pili, maana sisi huku tunatazama mzigo unaokwenda nyumbani tu.

Kwetu Babati tunalima mbaazi, na mnunuzi mkubwa ni India. Agosti 2017 India, ikiwa na mavuno mengi yake yenyewe, iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi za kutoka nje. Bei shambani ilianguka vibaya, watu wakabaki na magunia. Mlango ulifunguliwa tena Mei 2021. Na wakati wote huo India ilikuwa na mpango wa kupunguza au kufuta ushuru kwa nchi maskini zaidi, tangu 2008. Nafuu ya ushuru haisaidii chochote kama kiasi kimefungwa. Anayetaka kuleta mazao huku aulize kikomo kwanza, halafu ndiyo cheti cha asili, kinachoonyesha mazao yametoka nchi gani, kutoka TCCIA, chemba ya biashara ya Tanzania.

Kutoka: dada wa Foshan

Kweli kabisa kaka. China nayo imefuta ushuru kwa bidhaa zote za nchi maskini zaidi zenye uhusiano nayo wa kibalozi tangu tarehe 1 Desemba 2024. Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zimo. Lakini mazao mabichi hayaingii bila makubaliano ya afya ya mimea na bila anayeyauza nje kusajiliwa. Parachichi za Kenya ziliingia kwanza Agosti 2022, za Tanzania zikapata ruhusa Novemba mwaka huo. Ukija na sanduku la maembe kwa sababu ushuru ni sifuri, litaishia uwanja wa ndege.

Kutoka: mwanafunzi, Jinhua

Nimempigia mama mdogo, tumepiga hesabu pamoja kwenye simu. Jagi ameziacha. Anataka sahani za melamini na vijiko, na wakala wa Dar anatuandikia makadirio. Kuna anayemfahamu mkaguzi wa kujitegemea Yiwu anayekubali mzigo wa CBM 3 au 4?