Nataka kujitolea kwenye makao ya wanawake waliokimbia kipigo, masharti yamenitisha, hivi ni kawaida?

Tulizana:
Wakuu habarini, naombeni mwanga kidogo. Nimeomba kujitolea kwenye makao ya hisani yanayopokea wanawake waliokimbia kipigo majumbani pamoja na watoto wao, nikadhani nitaambiwa njoo kesho tuanze, kumbe kwanza kuna usaili, halafu wadhamini wasiokuwa ndugu zangu, halafu cheti cha polisi kuonyesha sina rekodi ya uhalifu, halafu semina, ndo nipangiwe zamu. Hayo sina neno. Kilichonishtua ni fomu ya kusaini. Simu inabaki kwenye kabati getini. Picha marufuku, hata ya ukuta. Usimwambie mtu yeyote yalipo makao, hata mume wako. Usimpe mkazi namba yako, wala hela, wala zawadi, wala lifti, usimuulize yaliyomkuta, usimwahidi mtoto kitu, usijifungie chumbani na mtoto mkiwa wawili tu. Na nikimaliza kujitolea nisiwatafute tena. Sasa jamani nimeenda kusaidia watu au nimeenda kulinda jela? Huruma ndo imenipeleka pale halafu kila kinachofanana na huruma kimepigwa marufuku. Waliowahi kufanya hizi kazi nisaidieni, nisaini au nitafute kwingine?

ZamuYaUsiku:
Saini dada yangu. Nimekaa kwenye kazi hizi muda mrefu na hayo uliyoandika ni ya kawaida kabisa, ningeshtuka kama yasingekuwepo.

Tuanze na simu maana ndo inayowaudhi wengi. Mwanamke aliyetoroka kipigo, hatari yake huwa kubwa zaidi pale anapoondoka na kipindi kile baada ya kuondoka, kwa sababu yule bwana ndo kagundua kwamba kampoteza na anamtafuta kwa kila njia. Picha ya simu inaweza kubeba ndani yake mahali ilipopigwa, na hata kama umezima lokesheni kuna dirisha, kuna geti, kuna sare ya shule ya mtoto aliyepita nyuma, na ukishaitupia kwenye grupu huna habari itaishia wapi. Mume wako anaweza kuwa mtu safi kuliko wote lakini ana marafiki, na rafiki ana shemeji, na huyo shemeji ndo bwana anayemtafuta mkewe. Siri ya mahali haina mtu wa kuonewa aibu.

Ngoja nikupe moja ambalo fomu haikulielezea pengine. Siku ukipangiwa mapokezi, simu ya ofisi italia, mtu atasema mimi ni mama yake, naumwa, naomba tu kujua kama yuko salama. Analia kweli. Jibu ni "siwezi kusema kama mtu huyo yupo hapa au hayupo, acha ujumbe." Na jibu hilohilo unalitoa hata kwa mtu ambaye unajua kabisa hayupo na hajawahi kufika! Wageni wengi wa kazi hii hapo ndo wanapojikwaa, wanaona hayupo basi niseme tu hayupo nimtoe wasiwasi, sasa siku yupo na wewe ukasema siwezi kusema, si umeshamwambia? Jibu lazima liwe moja kila siku kwa kila mtu, awe mama mzazi, awe kiongozi wa dini, awe anayejiita polisi kwenye simu. Polisi wa kweli ataongea na msimamizi kwa utaratibu.

Hela na zawadi: huyu mtu katoka kwenye nyumba ambayo kila senti ilikuwa na sharti nyuma yake. Ukimpa wewe, hata kwa moyo mweupe, kesho ukimwomba kitu anaona hawezi kukukatalia. Halafu wenzake wanaona, na kesho yake mfanyakazi anayefuata utaratibu anaonekana mchoyo. Una cha kutoa, peleka ofisini, wao watajua nani anahitaji nini.

Na kuhusu kutouliza, huyo mama hadithi yake keshaisimulia polisi, hospitali, ustawi wa jamii, kwa wakili, na kila akisimulia anairudia. Na kama kuna kesi mahakamani unaweza kujikuta unaitwa shahidi kwa maneno uliyoyachokonoa mwenyewe. Akianza yeye, msikilize, usimkatishe, usimwambie "mimi ningeondoka zamani," usimwamulie arudi wala asirudi.

Mdakuzi_Halali:
Mkuu hapo juu kaeleza vizuri ila mbona hamgusi la kufika kwenye zamu? Watu wanajitolea mwezi wa kwanza wanakuja wanawaka, mwezi wa tatu meseji dakika kumi kabla, "samahani nimepata dharura," na usiku huo mfanyakazi anabaki peke yake na nyumba nzima. Kutolipwa si ruhusa ya kuja ukijisikia. Kama unaweza mara moja kwa wiki sema mara moja, usiseme tatu ili uonekane mwema.

MamaWawili:
Mimi naongea kama niliyewahi kulala humo, sitasema wapi. Dada Tulizana nakuelewa ila nikuambie tu, waliokuja na huruma ya kujaa usoni ndo walionichosha. Kuna aliyekuwa ananiombea kwa sauti mbele za watu bila kuniuliza kama nataka. Kuna aliyekuwa anataka watoto wangu wamwite mama. Aliyenifaa ni binti mmoja alikuwa anakuja jioni anakaa na mkubwa wangu kwenye hesabu za shule mlango ukiwa wazi, ananisalimia, anaondoka. Hakuwahi kuniuliza ile alama ya shingoni imetoka wapi.

La kuahidi watoto lichukulie kwa uzito jamani. Ukisema "wiki ijayo nitakuja na mpira" mtoto anahesabu siku, ameshaahidiwa mengi na baba yake.

Ila nabishana kidogo na hilo la kutotafutana tena. Kuwatafuta wewe, hapana, sahau. Lakini kama mimi niliyeondoka ndo nataka kumsalimia aliyenisaidia, basi ofisi iwe na njia ya kupitisha barua. Kwetu haikuwepo na nilijisikia kama nimefutwa. Muulize msimamizi.

Kisebusebu:
Nakubaliana na wengi ila tusiwafanye wenye makao malaika. Masharti mengine yanalinda wakazi, mengine yanalinda bosi. Angalia kama yanambana na mkurugenzi mwenyewe na wafadhili wake. Nimeona sehemu mtu wa kujitolea anakatazwa picha halafu mfadhili akija watoto wanapangwa mstari wapigwe picha. Mtoto ana haki ya faragha, ipo kwenye Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 16, na hailegei kwa sababu mgeni kaja na hundi. Angalia pia malalamiko yanapelekwa wapi. Kama yote yanaishia kwa mtu mmoja, na huyohuyo ndo unayemlalamikia, hapo kuna shida.

Ila pa kukimbia zaidi ni pale pasipo na masharti kabisa, wanapokea yeyote, wiki mbili anacheza na watoto anaondoka, anakuja mwingine. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 2019 lilizitaka nchi zizuie madhara yanayoletwa na kujitolea kwenye vituo vya watoto yatima, ikiwemo kwa watalii, na hoja haikuwa kwamba wageni wote ni wabaya. Mtoto anayezoeshwa watu kisha wanapotea anajifunza kumrukia mgeni yeyote anayetabasamu, na mtu mwenye nia mbaya naye anatabasamu. Kwa hiyo hilo la cheti cha polisi na kutojifungia na mtoto msiliite urasimu, na linakulinda na wewe pia siku ukisingiziwa.

Tulizana:
Asanteni sana wote, MamaWawili pole na ubarikiwe. Nimeanza kuelewa. Swali moja tu limebaki. Nikishasaini usiri, siku mtoto akiniambia kuna mtu humo ndani anamfanyia kitu kibaya, na kasema usimwambie mtu, nafanyaje?

ZamuYaUsiku:
Swali zuri sana, na jibu ni kwamba hukai nalo hata usiku mmoja. Usiri maana yake habari zisitoke kwa wasiohusika, haina maana ya kuwaficha wanaotakiwa kumlinda mtoto. Kwa hiyo usimwahidi kwamba hutasema. Mwambie umefanya vizuri kuniambia, si kosa lako, ila itabidi nimwambie mtu anayeweza kukusaidia, na umtaje ni nani. Usianze upelelezi. Maswali ya "alikushika hapa?" yanaweza kuharibu ushahidi maana unamtia maneno mdomoni. Mwache aseme anachosema, kisha andika maneno yake yeye kama alivyoyatamka, tarehe na saa, saini, mpe anayehusika na ulinzi wa watoto siku hiyohiyo. Kama anayetajwa ndo huyohuyo, unaruka ngazi, unaenda bodi au ustawi wa jamii au polisi moja kwa moja, na fomu yoyote inayokukataza kufanya hivyo usiisaini.

Kwenye semina waombe jina la huyo mtu wa ulinzi wa watoto na namba ya nje ya makao. Wakikosa jibu la haraka, hapo nami nitakwambia tafuta kwingine. Na uliza nani anaongea na nyinyi baada ya zamu mbaya, maana mengine utayasikia na huwezi kwenda kumsimulia mumeo.

Tulizana:
Sawa mkuu, nitauliza yote na la barua pia. Nasaini. Ila hilo la simu kukaa kabatini zamu nzima bado linaniuma jamani 😅

Mdakuzi_Halali:
Wape nyumbani namba ya mezani ya ofisi kama ya dharura, bila kusema ni ya wapi. Nunua na saa ya mkononi.

ZamuYaUsiku:
Mdakuzi, namba ya mezani inaweza kuonyesha ilipo. Aulize kwanza ofisini, sehemu nyingi wana namba ya simu ya mkononi kwa ajili hiyo. Saa sawa, ila isiwe ile inayopiga picha.