Mkataba wa gari una kifungu cha usuluhishi wa lazima ambacho sikuonyeshwa: je, kinanifunga?

MamaSalha
Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Ninaishi New Jersey, Marekani. Hivi karibuni nimenunua gari lililotumika kwa mkopo, na nilipokagua hesabu nikakuta wameongeza dola 2,400 za dhamana ya ziada (ahadi ya kulipia matengenezo gari likiharibika) ambayo sikuiomba. Nilipowaandikia kwamba nitawashtaki, walinijibu kuwa kwa mkataba niliousaini nimeacha haki ya kwenda mahakamani, kwamba shauri litaamuliwa na msuluhishi binafsi, na kwamba siruhusiwi kuungana na wanunuzi wengine katika kesi moja. Nilisaini kwenye tableti ambayo karani wao aliishika mwenyewe, akinirusha kutoka kisanduku kimoja cha sahihi hadi kingine. Kifungu chenyewe nimekiona katika nakala ya barua pepe, ukurasa wa 11, chini ya kichwa "Masharti Mengineyo". Je, sheria haimlazimu muuzaji kunitajia jambo zito namna hii kabla sijasaini?

Karani wa Newark
Pole, dada. Si wakili, ila nafanya kazi katika ofisi ya mawakili. Sheria ya shirikisho ya usuluhishi, ya mwaka 1925, inazitaka mahakama ziviheshimu vifungu hivi kama mkataba mwingine wowote. Jimbo la Montana liliwahi kuagiza kwamba mkataba wenye kifungu hicho uwe na tangazo katika ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa zilizopigiwa mstari, na mwaka 1996 Mahakama ya Juu ya Marekani ikalitengua agizo hilo kwa sababu liliubebesha usuluhishi sharti ambalo mikataba mingine haina. Kwa hiyo hoja yako isiwe kwamba hapakuwa na tangazo; iwe kwamba hukuridhia. Mwaka 2014, katika kesi ya Atalese, Mahakama ya Juu ya New Jersey ilikikataa kifungu kilichokaa ukurasa wa 9 wa mkataba wa kurasa 23, kwa kuwa hakikumweleza mteja kwa lugha inayoeleweka kwamba anaacha haki ya kupeleka dai lake mahakamani. Tafadhali soma chako tena: je, neno mahakama limo?

Mzee wa Trenton
Naomba nimpunguzie binti yangu matumaini kidogo. Mwaka 2017 Mahakama hiyo hiyo ya Juu ya Marekani ilitengua kanuni ya Kentucky iliyodai maneno ya wazi kabla ya mtu kumkabidhi mwingine uwezo wa kusaini usuluhishi kwa niaba yake. Kuhusu kuungana na wenzako, suala hilo lilikwisha mwaka 2011, Mahakama hiyo iliporuhusu vifungu vinavyolizuia, katika kesi ya wanandoa wa California waliotozwa kodi ya dola 30 na senti 22 kwa simu iliyotangazwa kuwa ya bure. Nani atahangaika peke yake kwa dola 30? Kampuni zinalijua hilo kuliko sisi. Isitoshe, aliyesaini huchukuliwa kuwa amesoma, hata kama kidole chake kiliongozwa.

Karani wa Newark
Mzee, nakubaliana nawe kuhusu kuungana. Hata hivyo, baada ya uamuzi huo wa Kentucky, mwaka 2019 mahakama ya New Jersey ilikikataa kifungu cha mkataba wa dhamana ya matengenezo ya nyumba ambacho kichwa chake kilisema upatanishi (ambao mpatanishi husaidia tu, haamui) ilhali ndani yake mlikuwa usuluhishi, tena kwa maandishi madogo mno. Kichwa cha "Masharti Mengineyo" hakiko mbali na hapo.

Wakio
Huku Kenya, Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakibatilisha kifungu cha namna hii pale kinapomzuia mtumiaji kufungua kesi Mahakama Kuu, ingawa mgogoro ukishatokea pande zote zinaweza kukubaliana kutumia njia nyingine. Halimsaidii dada, najua, lakini nimelitaja kwa sababu wengi hudhani kifungu hiki ni jambo la lazima duniani kote.

MamaSalha
Asanteni sana. Nimesoma tena. Kinasema kwamba "migogoro yote itatatuliwa kwa usuluhishi". Neno mahakama limo mara moja tu, panaposemwa kwamba madai madogo yanaweza kupelekwa mahakama ya madai madogo. Mwishoni kabisa pameandikwa kwamba mnunuzi anaweza kukikataa kifungu kwa barua ndani ya siku 30 tangu kusaini. Siku hizo bado hazijaisha.

Karani wa Newark
Basi tuma barua leo, kwa posta ya rejista yenye risiti ya kupokelewa, kwa anwani ile ile iliyotajwa katika kifungu. Ukiituma kwa tawi la mauzo watasema hawakuipata. Andika jina, namba ya mkataba na sentensi moja tu ya kukataa usuluhishi, bila kuchanganya na malalamiko ya dhamana. Dola 2,400 zinaingia katika mahakama ya madai madogo, ambayo kikomo chake New Jersey ni dola 5,000. Ila sheria ya jimbo ya udanganyifu dhidi ya watumiaji humpa anayeshinda fidia mara tatu ya hasara, yaani dola 7,200 kwako, na hiyo utaidai katika kitengo cha juu yake chenye kikomo cha dola 20,000. Huko ndiko barua ya kukataa itakapokufaa.

Mzee wa Trenton
Na ubaki na nakala ya barua pamoja na bahasha.