Mjadala: Majibu ya kipimo cha DNA kazini apewe mwenye damu, au yabaki wastani wa kundi?

MLETA MADA
Wakuu, hili limenisumbua muda. Watu wanaofanya kazi kwenye benzini, moshi wa lami, mionzi, au ethilini oksaidi ya kutakasia vifaa vya upasuaji, huombwa damu ili ionekane kama DNA ya chembe zao nyeupe imejeruhiwa. (Nyeupe, kwa sababu nyekundu zikishakomaa hazina kiini, kwa hiyo hakuna DNA ya kupima.) Mtu anasaini fomu, anachomwa sindano, anaondoka. Baadaye inatoka ripoti: walio kazini wastani huu, wasiogusa kemikali wastani ule. Mwenye damu haambiwi kitu.

Mimi nasema apewe namba yake, na mwajiri aishie kwenye wastani. Wala sijalibuni hili. Marekani, sheria ya GINA ya 2008 (inayokataza ubaguzi wa vinasaba) inaruhusu kufuatilia athari za sumu za kazini kwenye vinasaba, lakini mfanyakazi lazima aelezwe majibu yake binafsi, na mwajiri apokee ya jumla yasiyoonyesha ni ya nani. Karibuni, pingeni.

MCHANGIAJI WA 1
Napinga mkuu, tena napinga nikiwa mtu wa hadubini.

Chukua kipimo cha kometi. Chembe zinachanganywa na jeli ya agarosi juu ya slaidi, zinalowekwa kwenye chumvi na sabuni kali mpaka utando uyeyuke ibaki DNA, halafu umeme unapitishwa. DNA nzima inabaki duara. Iliyokatika inavutwa, inaacha mkia kama wa nyota yenye mkia. Nahesabu chembe 100, kila moja naipa alama 0 hadi 4 kwa jicho kulingana na mkia wake, jumla inaangukia kati ya 0 na 400.

Sasa mikato mingi ya namna hiyo mwili huiunga ndani ya saa chache. Mtoe mtu damu Ijumaa jioni akitoka zamu, mtoe tena Jumatatu asubuhi kabla hajaingia, unaweza kudhani umepima watu wawili. Hata mwanga mkali ukiipiga slaidi kabla ya wakati unakata DNA, ndiyo maana tunafanya kazi taa zimefifizwa kama tuko matangani. Ukiwajumlisha watu 60, fujo hiyo inamezana. Kwa mtu mmoja haimezwi na chochote. Nimpe namba ipi, ya Ijumaa au ya Jumatatu?

MCHANGIAJI WA 2
Mimi ndiye mnayemjadili. Nimepuliza rangi miaka 11. Nilitoa damu, nikaambiwa utafiti unaendelea. Mpaka leo unaendelea. Presha nayo inapanda asubuhi na kushuka jioni, mbona daktari ananitajia bila kuogopa kwamba nitazimia?

MLETA MADA
Mchangiaji wa 2 kanipunguzia kazi. Na wewe wa maabara umechagua kipimo chenye kumbukumbu fupi kuliko vyote. Kipo cha viini vidogo, ambacho Fenech na Morley walikiboresha mwaka 1985. Limfosaiti, aina ya chembe nyeupe, zinaoteshwa maabara kama saa 72. Zikifika saa 44 zinawekewa sitokalasini B, inayoacha kiini kigawanyike lakini inazuia chembe yenyewe isikatike mbili, hivyo inabaki na viini viwili ndani. Pembeni yake unatafuta kiini kidogo, yaani kipande cha kromosomu, au kromosomu nzima, iliyoachwa njiani. Limfosaiti nyingi huishi miezi, nyingine miaka, kwa hiyo hapo Ijumaa na Jumatatu hazina neno. Mwaka 2007 Bonassi na wenzake walitoa matokeo ya watu 6,718 kutoka nchi 10: waliokuwa na viini vidogo vingi walipata saratani zaidi miaka iliyofuata. Hiyo namba utamfichaje mtu?

MCHANGIAJI WA 1
Ahsante kwa kuutaja, kwa sababu utafiti huo uko upande wangu. Waliwagawa watu mafungu matatu. Ukilinganisha na fungu la chini, hatari ya fungu la kati ilikuwa mara 1.84, ya fungu la juu mara 1.53. Umeona? La juu halikulizidi la kati. Kwa umma mzima ni habari kubwa. Sasa mkalishe ndugu yetu wa rangi umweleze yeye binafsi ina maana gani. Tena viini vidogo huongezeka na umri, na wanawake huwa navyo zaidi ya wanaume hata bila kugusa kemikali. Na kujeruhiwa DNA siyo saratani. Kila chembe hujeruhiwa mara maelfu kwa siku na kujitengeneza.

MLETA MADA
Mbona kwenye mionzi mnatoa? Kwenye ajali ya mionzi ya Goiânia, Brazili, 1987, kromosomu zilizoharibika za mtu mmoja mmoja zilihesabiwa kujua kapigwa kiasi gani na mionzi ya sesiamu.

MCHANGIAJI WA 1
Pale dozi zilikuwa kubwa, na kromosomu yenye vifundo (sentromia) viwili badala ya kimoja ni alama ya mionzi hasa, ni nadra kwa mtu asiyepigwa. Benzini haiachi saini ya wazi namna hiyo.

MCHANGIAJI WA 2
Mnajibizana vizuri ila hamjagusa ninachokiogopa. Namba si kitu. Msimamizi akijua mimi ndiye wa juu, kesho nimetolewa kwenye kazi, analetwa kijana mwingine, na feni ya kuvuta moshi imekufa vilevile.

MLETA MADA
Hapo ndipo penyewe, na nakiri mwanzoni nilipapita haraka. Basi narekebisha. Kometi ibaki ya kundi, nimekubali. Viini vidogo apewe, pamoja na kiwango cha watu wa umri na jinsia yake wasiogusa kemikali, na ikiwa juu arudie baada ya miezi kadhaa kabla mtu hajasema lolote. Wastani wa kundi ukipanda, kinachopimwa kesho yake ni hewa ya karakana, siyo mfanyakazi.

MCHANGIAJI WA 1
Ukiweka sharti la kurudia, napunguza ubishi. Lakini kwenye karakana yenye wapuliza rangi watatu, huo wastani usiomtaja mtu unaupataje?

MCHANGIAJI WA 2
Sisi tuko wanne.