Siku 12 Japani: tukae wapi ili tuione kwa kina?

Mwana wa Chumbageni
Ndugu zangu, mimi na mke wangu tutatimiza miaka 20 ya ndoa mwezi Novemba, nasi tumeweka akiba ya kwenda Japani kwa siku 12. Wakala ametupangia miji 7 na hoteli za nyota 5 tupu. Fedha ipo, lakini kila nikiitazama ratiba hiyo naona kwamba tutakachokijua vizuri zaidi ni stesheni za treni. Mngekuwa ninyi, mngekaa wapi?

Mpangaji wa Osaka
Hongereni. Futeni miji minne, mbaki na Kyoto, Kanazawa na mlima Koya. Anasa ya Kijapani haimo katika marumaru ya mapokezi, imo katika ryokan, yaani nyumba ya wageni ya jadi, ambako bei kwa kawaida hutajwa kwa kila mtu kwa sababu chakula cha jioni na cha asubuhi kimo humo humo. Usiku wa kwanza huisha katika kujifunza: viatu huachwa wapi, mkeka wa tatami hukanyagwaje, na yukata, yaani joho jepesi la pamba, hufungwaje (ubavu wa kushoto ulale juu ya wa kulia, kwani kinyume chake ni vazi la maiti). Usiku wa pili ndipo mwili hutulia, na huo ndio usiku ambao wasafiri wengi hawaupati. Fikeni kabla ya saa 11 jioni, maana sahani huletwa moja baada ya nyingine kwa saa iliyopangwa, na anayeingia saa 2 usiku huwa amewaharibia wapishi kazi ya kutwa. Mabegi makubwa yatangulizeni kwa takkyubin, huduma ya mizigo ambayo mara nyingi hufikisha kesho yake.

Kanazawa ndiko hutengenezwa karibu karatasi zote za dhahabu za Japani. Nilikaa asubuhi nzima katika karakana moja nikimtazama mama mmoja akihamisha karatasi hizo kwa koleo la mwanzi, huku akizitandaza kwa pumzi yake. Nami nilijikuta nimebana yangu. Ulizeni pia bakuli za Wajima, mji wa mkoa huo huo ulioumizwa na tetemeko la tarehe 1 Januari 2024: bakuli moja hupitia hatua zaidi ya 100 za kupakwa utomvu na kusuguliwa, na kununua huko sasa ni msaada.

Bint Kisauni
Naongeza la mlima Koya, ambako mtawa Kukai alianzisha makao ya Shingon, madhehebu ya Kibuddha, mwaka 816 na ambako mahekalu yapatayo 50 hulaza wageni. Kwa sisi Waislamu kuna mambo mawili. Bafu la pamoja huogwa uchi, ingawa wanawake huwa mbali na wanaume, kwa hiyo ulizeni bafu la kukodi kwa faragha. Chakula cha watawa hakina nyama wala samaki, lakini mirin na sake, ambazo ni pombe za mchele, huweza kuingia hata katika mboga, basi waandikieni wiki kadhaa kabla, si mlangoni. Mimi waliniletea tofu ya ufuta, ambayo, tofauti na tofu ya kawaida, haina soya bali hukorogwa kwa wanga wa mzizi wa mmea uitwao kuzu mpaka ishike, na mkono wa mpishi ulinikumbusha sufuria ya halua, ila sukari hamna.

Mzee wa Reli
Nakubali, isipokuwa hekaluni usiku mmoja unatosha. Novemba kule juu ni baridi, kuta ni za karatasi, na ibada huanza alfajiri. Wala treni msizidharau zote: ile ya Kyushu iitwayo Seven Stars, iliyoanza mwaka 2013, huzunguka kisiwa taratibu kwa siku kadhaa, japo nafasi zake zimekuwa zikigawiwa kwa bahati nasibu.

Mwana wa Chumbageni
Nimewaelewa. Kanazawa usiku 5, mlima Koya 1, zilizobaki Kyoto. Sasa, magoti yangu hayakunjiki tena. Chakula cha jioni nitakilaje chini?

Mpangaji wa Osaka
Semeni wakati wa kuweka nafasi, kaka. Ryokan nyingi siku hizi zina meza ya juu na viti, na vitanda pia, kwani wazee wao nao wana magoti.